Mtu wa Tano Ukutani

Kumwita mtu atoke usingizini si kazi ya kupaza sauti. Wageni wa kazi hii hupaza, na mchezaji huamka ameshtuka, hajui yuko wapi, na mechi yake inaharibika kabla hajavaa viatu. Mimi humwinamia mtu sikioni nikamtaja jina taratibu, kama vile tumepishana njiani nami nina neno dogo la kumwambia. Akifumbua macho namwachia blanketi lake, naenda kwa mwingine.

Jumamosi ile tulikuwa na mechi na Mamba wa Kyela, na timu nzima ya Nyati wa Njombe ilikuwa imelala mchana kweupe katika ukumbi ulio nyuma ya uwanja. Nje ukungu ulikuwa umeketi juu ya nyasi na haukuwa na haraka ya kuondoka. Ndani, miguu ilichungulia nje ya mablanketi kitanda baada ya kitanda, maana vitanda vile vilinunuliwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona mchezaji wa mpira wa yai. Kila kichwa kilikuwa na kofia yake ya kitambaa cha kijivu, na kila kofia ilikuwa na taa ndogo ya bluu iliyofifia na kuwaka kwa kufuata pumzi za mwenyewe.

Nilimwita mrushaji kwanza, kisha wakimbiaji, kisha wadakaji. Wote wakaja vizuri. Nikafika kwa wale wa ukuta, na hapo kazi ikawa ngumu, kama ilivyokuwa kila wiki tangu msimu ufike katikati.

"Obadia," nikasema. "Obadia Mligo."

Hakuja. Alikuwa anatabasamu usingizini, lile jitu zima, nahodha wa ukuta, anatabasamu kama mtoto aliyepewa peremende. Nikamwita tena, nikamgusa bega. Mwishowe akafumbua macho akanitazama kwa chuki, chuki fupi ya mtu uliyemkatia mazungumzo matamu.

"Alikuwa katikati ya maneno, Da Edina," akasema. "Ungesubiri kidogo."

"Nani alikuwa katikati ya maneno?"

Akakaa kitandani, akaanza kutafuta viatu vyake. "Unamjua."

Nilimjua. Walipotoka wote kwenda kuvaa, nilibaki ukumbini nikikunja mablanketi. Kofia zote zilikuwa zimezimika isipokuwa moja, iliyokaa juu ya mto mweupe, kwenye kitanda cha katikati cha safu ya ukuta, kitanda ambacho hakikulaliwa na mtu. Taa yake ilikuwa inafifia na kuwaka, inafifia na kuwaka. Spika yangu ya sikioni ilikuwa bado wazi, na sauti ikanijia kutoka kule tunakokuita Uwanja wa Pili, sauti ya kirafiki kabisa.

"Da Edina, na mimi je? Mbona mimi huniiti?"

Nikaivua ile spika nikaitia mfukoni. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

*

Namna mchezo huu wa Wamarekani ulivyokuja kuweka makazi kwenye baridi ya Njombe ni habari ndefu, na kila kinyozi wa mjini ana yake. Kinachotosha ni hiki: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kila jaribio huanza pale mtu wa katikati ya ukuta anapoupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Ukuta ni watu watano. Kazi yao ni kusimama kati ya mrushaji na watu wanaotaka kumlaza chini. Wakiifanya vizuri hakuna anayewaona. Wakikosea, uwanja mzima unawajua kwa majina.

Mtu wetu wa katikati alikuwa Lutengano Sanga, kijana wa Makete, mpana wa kifua, mpole, mtu wa kuimba vibaya bafuni bila kujali. Alikuwa na kipaji kimoja kilichowazidi wote: aliwatazama wapinzani wakijipanga, akajua wanataka kufanya nini kabla wao wenyewe hawajakubaliana. Akaguna neno moja, na ukuta mzima ukageuka.

Alikufa Jumanne, kwenye kona za barabara ya Makete, lori la mbao lilipopinduka juu ya gari alilopanda. Alhamisi timu ikalala kwa zamu ya ziada kujiandaa na mechi ya Jumamosi, maana ratiba ya ligi haijui msiba. Na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo naamini hakuna timu nyingine ambayo ingelifanya.

Nyati wana desturi yao tangu timu ianzishwe. Mchezaji asiyekuwepo hutandikiwa. Hata akiwa amekwenda harusini kwa dada yake, kitanda chake hutandikwa, jezi yake hukunjwa, kofia yake huwekwa juu ya mto. Kwa kawaida kofia huwekwa wazi, kamba zake zikining'inia. Alhamisi ile Obadia, aliyekuwa jirani yake wa kitanda, aliona aibu kuiacha ikining'inia na mwenyewe ni marehemu. Akailaza kwa heshima, akaikunja masikio, akaifunga kamba ya kidevu vizuri, kama kichwa kimo ndani. Kamba ya kidevu ndiyo swichi. Sote tulisimama pale tumeinamisha vichwa, na hakuna aliyekumbuka.

Mtambo wetu haujui kufa. Unachukua kile ambacho mwili wa kila mchezaji unakijua, unavishona vyote pamoja, na timu inaota ndoto moja ya mazoezi, ndiyo huo Uwanja wa Pili: uwanja mmoja, nyasi moja, na wapinzani wakiwa vivuli vilivyotengenezwa kutokana na mechi zao za nyuma. Likitokea pengo, unalijaza. Ulipokuta kofia ya Lutengano imefungwa na ndani hakuna mtu, ukalijaza pengo lile kwa yote ambayo wenzake wa karibu walimjua nayo. Na wale wanne wa ukuta walimjua sana. Walishuka kwenye Uwanja wa Pili wakiwa wafiwa, wakamkuta amechuchumaa juu ya mpira, anawatania kwa kuchelewa. Kesho yake wakaenda kumzika.

Tangu siku ile hatukupoteza mechi. Siri yake ni nyepesi na inauma. Sisi wengine huingia kule muda mfupi tukatoka. Sheria ya waitaji inasema kila aliyeingia aitwe atoke, kwa sauti ya mtu, lakini yeye nani amwite, atoke aende wapi? Kwa hiyo hakuitwa, hakutoka. Wiki nzima alikuwa peke yake na vile vivuli, anasukumana navyo, anavisoma, na timu ikishuka anawaeleza kila kitu. Kuizima kofia kimyakimya nako hakuwezekani. Kuna timu moja ya pwani ilifanya hivyo kwa haraka ya safari, na wachezaji wake wakakaa miezi wanasikia mtu akikimbia nyuma yao.

Aliyelalamika ni Shija peke yake, yule tuliyemsajili kutoka Kahama achukue nafasi ya katikati.

"Mimi kila nikishuka nakuta nafasi ina mwenyewe," alisema siku moja mezani. "Nasimama pembeni kama mgeni aliyekuja sherehe bila kadi. Nikiamka sijajifunza kitu, nagongwa mechi nzima."

Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka nao. Obadia hakucheka. Alimpa Shija kipande chake cha nyama, na wote wakaendelea kula.

*

Mwitaji anaruhusiwa kuchungulia. Unavaa kofia bila kufunga kamba hadi mwisho, unajilaza ubavu, na unafika ukingoni mwa ule uwanja, penye mstari wa chokaa, bila kuuvuka. Jumatano kabla ya fainali, ukumbi ukiwa mtupu asubuhi, nilichungulia.

Kule huwa ni alasiri daima. Nyasi zina umande usiokauka, ukungu uko kimo cha kiuno, na magoli ya chuma yamesimama mbali bila kugusa chini. Hakuna upepo lakini bendera zinacheza. Sauti huchelewa, mtu anagongwa, anaanguka, na ndipo kishindo kinafika, laini, kama mtu anayekung'uta godoro nyumba ya tatu. Vivuli vilikuwa vimejipanga, vimevaa jezi zisizo na namba. Mbele yao alichuchumaa mtu mmoja mpana, mkono mmoja juu ya mpira, kushoto hana mtu, kulia hana mtu. Akaupitisha mpira nyuma, ambako hapakuwa na mrushaji, ukapotea ukunguni. Vivuli vikamwangukia. Akainuka, akajipangusa magoti, akachuchumaa tena.

"Kamwene, Da Edina," akanisalimu bila kugeuka.

"Kamwene, Lutengano."

"Leo umekuja mwenyewe. Kuna anayeumwa?"

"Hakuna. Nimekuja kukusalimia tu."

Akaja taratibu hadi karibu na chokaa. Uso ulikuwa wake, ila upande wa kushoto ulikuwa wazi kuliko wa kulia. Obadia hulala kushoto kwake.

"Nikuulize kitu, usinicheke," akasema.

"Sikucheki."

"Mlango wa nyumba yangu una rangi gani?"

Sikujua. Sikuwahi kufika kwake.

"Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka," akaendelea. "Nikasema, labda nimegongwa kichwa. Nikajaribu jambo kubwa zaidi, nikaikumbuka harusi yangu. Hiyo naiona vizuri sana. Lakini naiona nikijitazama mwenyewe kwa mbali, nimevaa suti inayonibana, jasho linanitoka, na mbele yangu kuna sahani ya pilau ambayo mtu anaila. Bibi harusi simwoni, amezibwa na mapambo. Da Edina, nani anaikumbuka harusi yake kwa kujitazama?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nilisimama pale nikiangalia umande.

"Basi usiniambie," akasema kwa upole. "Lakini nimechoka. Sijui uchovu huu unatoka wapi, maana mwili siusikii. Niite nikapumzike."

Nikamwita. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilitaja jina lake lote, taratibu, kama ninavyowaita wengine, naye akainua mguu auvuke mstari. Mguu ukabaki hewani. Jezi yake ikavutika nyuma begani, kama imeshikwa na mkono, akarudi hatua moja.

"Wananishika," akasema.

"Nani?"

"Kina Obadia. Si kwa ubaya. Hata wakiwa macho wananishika, wananiwaza kutwa." Akageuka akatazama vivuli vilivyokuwa vinamngoja. "Ngoja nirudi, hawa Chui wa Mbeya mtakaokutana nao fainali wana ujanja mpya upande wa kushoto."

*

Kocha Bupe Mwakalinga alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyecheza mpaka goti lake likamkatalia, na aliyekuwa hapendi kuketi anapogombana. Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Unaniambia marehemu amechoka."

"Ameniambia mwenyewe, Kocha."

"Aliyekuambia ni Obadia na wenzake watatu, wanasema kwa mdomo wa marehemu. Wao ndio wamechoka. Msimu umekuwa mrefu."

"Mbona anauliza vitu ambavyo hao wanne hawavijui? Anauliza kwa nini hamwoni mke wake. Mtu asiyekuwepo anauliza?"

Akageukia kioo cha dirisha. Nje wachezaji walikuwa wanakimbia kuzunguka uwanja, na ukungu uliwameza upande mmoja ukawatoa upande wa pili.

"Edina," akasema, "ukimwita akatoka, anakwenda wapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Sasa nisikilize. Kama yule ni mtu, unachoniomba ni kumtoa mahali alipo nikampeleka pasipo na mahali, na kitendo hicho kina jina, sitaki kulitamka humu ofisini. Kama si mtu, basi hakuna anayechoka, niache nicheze fainali yangu. Mji huu haujawahi kufika hapa. Chagua moja."

Alikuwa amenibana pande zote mbili. Nilichojua ni kidogo tu. Mtu aliniomba nimwite, na kazi yangu ni kuita.

"Baada ya fainali tutazungumza," akasema Kocha.

"Msimu ujao kutakuwa na fainali nyingine, Kocha."

Nikatoka bila kuaga. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu maneno yake yalikuwa na akili.

*

Yusta, mjane wa Lutengano, alikuwa anaishi Kibena, na alikuwa akifanya kazi ya kuchambua maparachichi kiwandani. Mlango wake ni wa kijani, umechubuka chini ambako mtoto hupigia mpira. Alinikaribisha jikoni, akaendelea kumenya viazi huku nikieleza. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini alinielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe," akasema, kisu kikiwa kimesimama hewani. "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, Mama Lwitiko?"

"Siku ya maziko. Nilikuwa nawaangalia wale wanne. Wamebeba jeneza la mume wangu, macho makavu. Halafu mmoja anamnong'oneza mwenzake, nikasikia kwa masikio yangu, Da Edina, anasema, 'Jumamosi anataka tuanzie kushoto.' Nikasema moyoni, hawa watu hawakumpenda. Nimewachukia msimu mzima. Obadia ameniletea unga, na sukari, kule kiwandani, sikuvipokea."

"Walikuwa wametoka kumwona jana yake."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu nishuke kwenye bodaboda. "Nikija nikamwita mimi, ataijua sauti yangu?"

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba anajua ana mke, basi, zaidi ya hapo hajui.

Yusta akaweka kisu chini. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya viazi, akacheka kwa uchungu.

"Basi huyo siye wangu," akasema. "Wangu alikuwa ananikanda miguu nikitoka kazini, nayo hiyo hakumwambia mtu, aliona aibu. Huyo mliye naye kule ni Lutengano wa mpirani. Ni wao. Wanampenda, sawa, sasa nimejua, na nimefurahi kujua. Lakini mimi nimeshazika, Da Edina. Nimelala kwenye mkeka, matanga yameanuliwa, nguo zake nimezigawa kwa mikono yangu. Wao hawajazika. Mwambie Obadia akazike."

*

Nilimpata Obadia Ijumaa mchana, kwenye ngazi za uwanja, anafunga kamba mpya kwenye viatu vyake.

"Amechoka, Obadia."

Hakuuliza nani. "Mimi hajaniambia."

"Humuulizi. Mkishuka kule mnaongea mpira tu."

"Da Edina." Aliinua uso, na lile jitu lilikuwa na macho ya mtu asiyelala, yeye ambaye kazi yake nusu ni kulala. "Mimi Jumatatu naamka naona dunia imekuwa tupu, halafu nakumbuka kwamba Jumamosi nitamwona. Najikaza mpaka Jumamosi. Wewe ungefanyaje?"

"Ningefanya kama wewe," nikamwambia, na nilimaanisha. Kisha nikampa maneno ya Yusta, yote, bila kuyapunguza makali.

Akainama juu ya kile kiatu. "Shemeji kasema hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nimzike," akasema. Akaivuta kamba hadi ikakatika, akakaa ameishika mkononi.

*

Siku ya fainali watu walianza kuimba nje kabla timu haijalala, na nyimbo zao zilifika ukumbini zimepoa, kama zinatoka ng'ambo ya bonde. Taa za bluu zilikuwa zinafifia na kuwaka kitanda baada ya kitanda. Kitanda cha Obadia kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kile kitanda cha katikati, amevaa jezi, mikono magotini.

Kocha Bupe aliingia akaona, akaja mbio kwa lile goti lake bovu. Ukumbini hakuna anayepaza sauti watu wakiwa wamelala, hata yeye, kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona, jambo ambalo lingechekesha siku nyingine.

"Mbona huyu yuko macho? Ukuta utaongozwa na nani?"

"Na Shija," akasema Obadia.

"Shija hajui kitu! Edina, mlaze huyu sasa hivi. Hiyo ni amri."

"Halali kwa amri, Kocha," nikasema.

"Nilimtandikia mimi," Obadia akanong'ona. "Mimi ndiye niliyefunga ile kamba. Niache nifungue."

Kocha alimtazama, akaitazama taa iliyokuwa inafifia na kuwaka juu ya mto. Nilidhani ataivuta kofia, au atanivuta mimi. Badala yake akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, mara ya kwanza namwona ameketi kwenye ugomvi, akafunika uso kwa viganja.

Nikamwekea Obadia spika, nyingine nikabaki nayo.

"Luta," akasema.

Kule ndani ulisikika umati usiokuwepo, ukivuma mbali. "Obadia? Mbona sauti yako inatoka juu? Wenzako wako hapa, wewe hatukuoni."

"Leo sikulala."

"Fainali hii, hulali? Unaumwa?"

"Siumwi." Akaisogelea ile kofia. "Luta, mlango wako ni wa kijani. Da Edina ameuona. Umechubuka chini."

"Wa kijani," akarudia yule polepole, akiionja ile rangi. "Mimi ningepaka bluu."

"Na kule harusini, yule mla pilau nilikuwa mimi."

Kisha kicheko kidogo. "Nilihisi. Sahani ilikuwa imejaa mno." Kicheko kikaisha. "Kwa hiyo nilikuwa naona kwa macho yako."

"Ulikufa, Luta. Njia ya Makete. Jeneza nililishika mimi mbele, kushoto. Sikulia hata tone, kwa sababu nilijua Jumamosi tunaonana. Nikakuacha huku unapigana peke yako wiki nzima. Nisamehe, ndugu yangu."

Taa za wale watatu wa ukuta zilianza kwenda mbio. Nikawawekea mikono mabegani, mmoja mmoja, wasishtuke.

"Na mke wangu?" akauliza Lutengano.

"Anaendelea. Ana nguvu kuliko sisi."

"Vizuri." Akavuta pumzi asiyokuwa nayo. "Basi sikiliza, kabla sijaondoka nikueleze hawa Chui. Wakijipanga watatu kushoto, usi..."

"Usiniambie."

"Mtagongwa, Obadia."

"Tutagongwa. Usiniambie kitu. Umeshafanya kazi ya kutosha." Alikumbuka asipaze, akaliita jina lile kama nilivyomfundisha, taratibu, karibu na kofia tupu. "Lutengano Sanga. Toka ukapumzike."

"Hawa watatu wamenishika."

"Waambie mimi nimeachia."

Sikusikia alichowaambia. Nilisikia nyasi zenye umande zikikanyagwa na mtu mzito asiye na haraka, hatua zikija, zikija, mpaka zikawa karibu sana, na hapo hapakuwa na kishindo chochote. Taa ikafifia. Haikuwaka tena. Obadia akaifungua kamba ya kidevu, na Kocha Bupe akainuka akatoka bila kutuangalia.

*

Tulishindwa, na si kwa kidogo. Chui walijipanga watatu kushoto tangu mwanzo, na ukuta wetu ukageuka kulia. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye chokaa, chokaa ya kweli, na niliona jambo ambalo msimu mzima sikuliona. Obadia alikuwa anaongea. Kabla ya kila jaribio alimgeukia Shija, akamwonyesha kwa kidole, akamfokea, akampiga kofi la mgongo, na Shija akamjibu kwa sauti ile ya Kahama, "Nimeelewa, kaka, nimeelewa!" hata pale ambapo ni wazi hakuwa ameelewa. Walianguka pamoja na wakainuka pamoja. Kufikia robo ya mwisho mrushaji wetu alikuwa anapata muda wa kutupa mpira, na hakuna jukwaani aliyejua kwa nini.

Baadaye nilipeleka mablanketi kwenye chumba cha kuvalia. Wale wanne walikuwa wameketi sakafuni wamevaa jezi zao za matope, wameegemeana, wanalia. Hawakulia kwa kujificha. Walilia kwa sauti, vifua vikipanda na kushuka, Obadia akitaja jina la rafiki yake na kulirudia, na Shija amesimama kando yao ameshika chupa ya maji asijue ampe nani. Watu waliopita mlangoni walitikisa vichwa kwa huruma. Walidhani ni kwa ajili ya kombe.

Yusta akaja akapita katikati ya watu hao wa mlangoni. Alikuwa bado na aproni ya kiwandani, sijui alikaa upande gani wa uwanja. Obadia alipomwona akafunika uso kwa mkono wenye bendeji. Yusta hakumwambia anyamaze. Akavua viatu vyake mlangoni, akaja akaketi chini kwenye matope karibu nao, kama mtu anavyoketi nyumbani kwa wafiwa, akajitandia kanga mabegani.

"Poleni na msiba," akawaambia.